Nani Ameiwasha Taa?

Kuna tofauti kubwa kati ya taa inayowashwa na taa inayowaka yenyewe, hata kama balbu ni zile zile na betri ni ile ile. Anayebonyeza swichi amekusudia kuiwasha taa, na taa ikiwaka anajua kwamba yeye ndiye aliyeiwasha. Lakini mtu anayepita mbele ya kihisi, taa ikawaka, amefanywa kuwa sababu ya jambo asilolikusudia, na pengine hata hajui kwamba yeye ndiye sababu. Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: je, ni haki kumfanya mtu kuwa sababu bila yeye mwenyewe kujua? Na kama tumemfanya hivyo, tunadaiwa nini kwake?

Huenda msomaji akaona kwamba swali hili ni zito mno kwa kitu chepesi kama pambo la Krismasi. Namwomba avumilie kidogo. Hapa kwetu Songwa, katika wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, swali la nani amesababisha nini halijawahi kuwa jambo jepesi.

Ifikapo Desemba, mikrismasi hutoa maua yake mekundu, na makanisa huanza kujiandaa. Wakatoliki hutengeneza pango la Noeli kwa matawi, nyasi na udongo, na ndani yake huwekwa sanamu za Mtoto, wazazi wake na wanyama. Zamani pango liliangazwa kwa mishumaa au karabai. Kwa miaka mingi umeme katika sehemu hizi ulikuwa ni kitu cha ndani ya uzio wa mgodi wa Mwadui, ule ulioanzia kwenye almasi alizogundua Mkanada John Williamson mwaka 1940. Sisi wa nje tulikuwa na vibatari. Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, ndio uliopeleka nguzo na nyaya katika vijiji vingi vya nchi hii. Aidha, paneli za jua na betri za pikipiki zimewafikia wengi. Basi si ajabu kwamba vijana mafundi redio nao wanataka pango liwe na jambo jipya: mtu akisogea, taa ziwake zenyewe, zimmulikie kwa muda, kisha zizime kuokoa betri. Ni boksi dogo, na vifaa vyake havigharimu fedha nyingi. Hebu tulifungue tuone lilivyo, maana hoja yangu yote imo ndani yake.

Kitu cha kwanza ni kihisi. Kila mwili wenye uhai hutoa joto linalosafiri hewani kama mwanga usioonekana. Ndani ya kihisi mna kipande kidogo cha madini ambacho hutoa umeme kidogo sana kila joto linalokifikia linapobadilika. Kipande hicho kimegawanywa sehemu mbili, nazo zimeunganishwa kwa kupingana: zote mbili zikipata joto sawasawa, umeme wa moja huufuta ule wa nyingine. Ndiyo maana ukuta uliopashwa na jua hauwashi taa. Mtu akikatiza mbele yake, sehemu moja humwona kabla ya nyingine, na katika tofauti hiyo ndipo ishara hupatikana. Kile kifuniko cha plastiki chenye visanduku kama sega la nyuki ni lenzi nyingi ndogo, za aina aliyoibuni Mfaransa Augustin Fresnel miaka ya 1820 kwa ajili ya minara ya taa za baharini. Katika mnara, lenzi yake ilitupa mwanga nje kuwafikia wasafiri. Katika kihisi, inakusanya ndani joto la mpita njia.

Kitu cha pili ni kipima muda. Mafundi wengi hutumia chipu iitwayo 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 na kuuzwa na kampuni ya Signetics tangu mwaka 1972. Kazi yake inaeleweka hata kwa mtu asiyejua hesabu. Kapasita ni mtungi, na rezista ni bomba jembamba linaloujaza. Ishara inapofika, taa huwaka na mtungi huanza kujaa. Ukifika theluthi mbili, chipu huzima taa na kuumwaga mtungi, ikasubiri ishara nyingine. Muda hupatikana kwa kuzidisha ukubwa wa mtungi kwa ukinzani wa bomba, kisha kuzidisha kwa 1.1. Kwa kapasita ya mikrofaradi 100 na rezista ya kiloomu 470 utapata sekunde 52 hivi. Lakini kapasita ya aina hiyo inaweza kupungua au kuzidi kipimo kilichoandikwa ubavuni kwa asilimia 20, kwa hiyo fundi mwenye busara hushika saa mkononi na kupima mwenyewe.

Mengineyo ni viungo vya kuunganisha. Ishara ya kihisi hupanda inapomwona mtu, ilhali chipu ya 555 huamshwa na ishara inayoshuka. Basi transista moja huwekwa katikati kuigeuza. Nayo rilei hubeba mzigo wa taa, na juu ya koili yake hufungwa dayodi kinyumenyume, kwa kuwa koili inapokatiwa umeme hurusha teke linaloweza kuua chipu. Nashauri mtambo wote utumie volti 12 za betri, si umeme wa gridi, maana katika pango la nyasi kavu lenye watoto wa kila umri, waya wa volti 230 ni hatari isiyo na sababu.

Mpaka hapo ni ufundi mtupu. Sasa tuliweke boksi letu mahali pake, tutazame litakavyotenda mbele ya watu.

Likiwekwa jioni, mbuzi akipita, taa zitawaka. Paka akipita, zitawaka. Upepo wa moto ukisukuma pazia mbele ya kihisi, huenda zikawaka pia, na aliyekaa karibu ataapa kwamba hapakuwa na mtu. Hilo ni la kuchekesha tu. Lipo jingine lisilochekesha. Kihisi hiki kinaona vizuri anayekatiza mbele yake kwa haraka, lakini kinamwona kwa shida anayekijia moja kwa moja. Aliyesimama kimya hakimwoni kabisa. Aliyejifunika nguo nzito joto lake halitoki sawasawa. Na jioni ya joto kali, hewa na kuta zinapokaribia joto la ngozi ya binadamu, hata tofauti kati ya mtu na ukuta hupungua.

Sasa fikiri, msomaji. Watoto wanakimbia mbele ya pango, na kila wakipita taa zinawaka, nao wanapiga vigelegele. Kisha anakuja bibi mmoja, mjane, anayeishi peke yake. Anakuja polepole kwa mkongojo, kajitanda kanga mbili, moja kwa moja kuelekea pango, anasimama kimya kusali. Taa haziwaki. Watoto wananyamaza. Mmoja anasema, bila ubaya wowote, "Taa imemkataa bibi."

Mtu wa mahali pengine atatabasamu. Mtu wa Shinyanga hatatabasamu. Katika miaka ya 1990 mkoa wetu ulijulikana nchi nzima kwa mauaji ya vikongwe, wengi wao wanawake, waliokatwa mapanga usiku kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Mara nyingi alama iliyotajwa dhidi yao ilikuwa macho mekundu. Mtoto ameugua, ng'ombe wamekufa, mvua imegoma. Pakatafutwa sababu, na sababu ikapatikana katika macho ya mama mzee wa jirani. Hakukusudia kitu, hakufanya kitu, hakujua kitu. Alifanywa sababu bila yeye kujua, akahukumiwa bila kuulizwa.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, na methali hiyo ilitumiwa vibaya sana dhidi ya wazee hawa: kama watu wananong'ona, basi pana jambo. Lakini moshi wenyewe ulikuwa jikoni. Zamani miti mingi katika nchi ya Usukuma ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, na mingine ikaondoka kwa kupanua mashamba na malisho. Kuni zikawa adimu, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kuirudisha miti na kufufua desturi ya ngitili. Palipokosekana kuni, akina mama walipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya vibanda visivyo na madirisha, asubuhi na jioni, miaka 40 au 50. Macho ya nani yasingekuwa mekundu? Sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu aliyewahi kuingia jikoni kwa mama yake na kutoka akifikicha macho. Haikuwa siri hata kidogo, ila haikutazamwa.

Yupo atakayenijibu kwamba hayo yamepita, watu siku hizi wana simu na pikipiki, wanaujua umeme, na kudhani kwamba watatishwa na taa za pango ni kuwadharau. Jibu hilo lina uzito, nami singependa kuwadharau jirani zangu. Lakini kutumia kitu si sawa na kujua sababu zake. Wakati simu zilipokuwa zimekwisha kuenea, tangu katikati ya miaka ya 2000, ndipo kanda yetu ya Ziwa ilipokumbwa na mauaji ya watu wenye ualbino, kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati katika machimbo na uvuvi. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kifo kwa kumuua mtoto wa kiume wa miaka 14. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Waliotafuta viungo vile hawakuwa watu wasioijua simu. Fauka ya hayo, tabia hii si ya Wasukuma wala ya Waafrika peke yao. Ulaya nayo iliwachoma moto wanawake kwa kosa hilo hilo, na hata waliojua kusoma na kuandika waliketi kama mahakimu.

Tena, kuficha sababu mahali patakatifu ni mchezo wa kale sana. Katika karne ya kwanza, Heron wa Aleksandria, huko Misri, alieleza mtambo wa kutoa maji ya ibada kwa kutumbukiza sarafu, na milango ya hekalu inayofunguka moto unapowashwa madhabahuni, kwa nguvu ya hewa na maji yaliyofichwa chini. Heron mwenyewe hakuficha. Aliandika kila kitu kitabuni. Lakini mtu aliyesimama mbele ya milango ya namna hiyo hana kitabu mkononi. Anaona milango tu, na wa kumtafsiria maana yake ni yule aliyeufanya mtambo. Hapo ndipo penye hatari. Mwenye kuificha sababu amejipa mamlaka ya kusema sababu ni ipi, na kwa hiyo ya kusema pia mkosaji ni nani.

Pango la Noeli, kwa asili yake, ni kinyume cha hayo. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoliandaa pale Greccio, Italia, katika Krismasi ya mwaka 1223, alileta nyasi kavu, ng'ombe na punda, kwa kuwa alitaka watu waone kwa macho yao taabu aliyozaliwa nayo Mtoto. Lilikuwa pambo la kuonyesha. Basi tukiingiza ndani yake boksi lililofungwa, tukafurahia kuona watu wakishtuka, tumelitia pango roho ya hekalu la Heron.

Wengine watasema: ukieleza kila kitu, mshangao unakufa, na sikukuu bila mshangao ina ladha gani? Mimi nadhani mshangao ni wa aina mbili. Uko wa kutojua, nao huisha mara unapojua, kama ule wa mazingaombwe. Uko mwingine unaoanza pale unapojua. Mwambie mtoto kwamba mwili wake unang'aa usiku na mchana kwa mwanga ambao macho hayauoni, na kwamba kile kijicho cha plastiki kimeuona kutoka hatua kadhaa. Hatachoka kujaribu. Atapita haraka, atapita polepole, atatambaa, atajifunika blanketi, atasimama kimya ahesabu sekunde 52 mpaka taa izime akiwa bado yupo pale pale. Mshangao wake umezidi.

Tena, katika michezo hiyo atakuwa amejifunza jambo ambalo lingeokoa maisha ya wengi: kwamba "baada ya" si "kwa sababu ya". Taa iliwaka baada ya bibi kukohoa. Je, kikohozi ndicho kilichoiwasha? Mwambie akohoe tena. Haikuwaka. Tazama, kumbe paka alikuwa nyuma ya benchi. Ziba kihisi kwa kiganja, mpitishe yule yule. Zibua, mpitishe tena. Namna hiyo ndiyo sababu hutafutwa, kwa kujaribu na kurudia mbele ya watu wote, na kila mtu akiruhusiwa kusema, "Hapana, hebu tuone tena." Mpiga ramli hawezi kuruhusu hivyo. Yeye hutamka mara moja, gizani, na hakuna anayemwambia arudie. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na katika usiku huo ndimo panga lilimopita.

Sisemi kwamba boksi la 555 litamaliza imani zilizoua watu. Huo ungekuwa utoto. Wala sisemi kwamba kila fundi anadaiwa kueleza kila kitu kwa kila mtu. Mwenye kununua redio akitaka kujua imo nini ndani ataifungua au ataacha, na akiizima inazimika. Deni ninalolisema ni la yule aliyetengeneza kitu kinachomtenda mtu bila kuulizwa: kinachompima joto, kinachomchagua, kinachomwangazia mmoja na kumwacha mwingine gizani. Vitu vya namna hiyo vinaongezeka kila siku duniani, vingine vikubwa kuliko pambo letu, vikiamua kutokana na mienendo ya watu nani akubaliwe na nani akataliwe. Mwenye kuvitengeneza asijifiche nyuma ya neno "mashine imeamua". Mashine haikuamua. Zile sekunde 52 zilichaguliwa na mtu aliyeshika rezista mkononi. Urefu wa kuona, mahali pa kukifunga kihisi, na ni nani atakayekosewa, yote hayo yalichaguliwa, ama kwa kufikiri ama kwa kutofikiri.

Kwa hiyo nina ushauri kwa vijana mafundi wa Songwa na kwingineko. Kifungeni kihisi ubavuni mwa njia, ili watu wakikatize, wasikijie usoni. Kijaribuni kwa mwendo wa wazee kabla ya kukijaribu kwa mbio za watoto. Boksi lifunikwe kwa kioo au plastiki inayoonyesha ndani, na kabla ya mkesha mmoja wenu asimame mbele ya watu aeleze kwa lugha watakayoielewa, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, kitu gani kinaiwasha taa, kitu gani kinaizima, na ni nani itakayeshindwa kumwona. La mwisho hilo msilisahau, kwa sababu aliyeambiwa mapema kwamba boksi ni bovu kwa wanaotembea polepole hatasema kesho kwamba bibi ndiye mwenye kasoro.

Na zaidi ya yote, pembeni mwa kihisi wekeni swichi ya kawaida ya kubonyeza, chini kiasi cha kufikiwa na mtoto na mwenye mkongojo. Gharama yake ni ndogo. Ni nyaya mbili tu, kutoka mguu wa pili wa chipu hadi chini. Yeyote ambaye kihisi hakikumwona ataibonyeza, taa zitawaka kwa muda ule ule, wala si pungufu hata kwa sekunde moja, na kila aliyepo ataona ni nani aliyeiwasha.